Siku Nilipomuua Bibi wa Watu kwa Maikrofoni

Jamani, habari hii nawasimulia mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, kwa sababu najua msipoisikia kwangu mtaisikia kwa Mama Furaha, na Mama Furaha akiisimulia anaigiza mpaka nilivyokuwa nimekunja shingo, sasa bora mnicheke nikiwepo. Nilimuua bibi wa watu. Bibi mzima, ana kondoo wake, ana afya yake, hana habari na mimi, nikamuua mbele ya ukumbi mzima wa maktaba hapa Braamfontein, nikamzika, na watu wakamlilia. Aibu niliyoipata siku ile sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Mnanijua kama fundi cherehani, lakini wachache mnajua kwamba kabla sijaja Johannesburg, kule Tanga, nilikuwa mtafsiri wa filamu kwenye banda la video. Wa nyumbani wanaielewa kazi hiyo: filamu inakuja kwa Kichina au Kihindi, wewe umekaa na maikrofoni pembeni ya runinga unawasemea wote, jambazi wewe, polisi wewe, bibi harusi wewe, na pale usipoelewa kinachosemwa (yaani karibu filamu nzima) unaunga mwenyewe, maana mteja hakutoa kiingilio aje kusikiliza ukimya. Nilikuwa hodari, sijisifu. Watu walirudi kutazama filamu ileile kesho yake wasikie safari hii nitamfanya nini yule jambazi.

Sasa Sis Thandeka, dada wa maktaba, alikuwa ameandaa Jumamosi ya filamu za elimu kwa wazazi na watoto. Filamu fupifupi za Wamarekani wa kila asili, wametoka wapi, wamepitia nini, na leo wanafanya kazi gani, ili watoto wa darasa la tisa, ambao lazima wachague masomo ya mwakani, wapate kuona kwamba dunia ina kazi nyingi. Tatizo likawa sisi wazazi. Wakongo, Warundi, Watanzania, tumejaa tele, na Kiingereza chetu wengi ni cha kuuzia na kununulia. Sis Thandeka akauliza nani atawatafsiria wazazi kwa Kiswahili, na mimi, kimbelembele changu, nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza.

Binti yangu Salma alifurahi, ila si kwa sababu ya maikrofoni. Mimi na yeye tulikuwa na mgogoro. Mimi nilitaka asome uhasibu (mhasibu hakosi ugali, popote penye duka anahitajika), yeye anataka jiografia na sayansi kwa sababu anataka kusomea miamba. Miamba! Mtoto amezaliwa Joburg, hajui kukaanga hata yai, anapita kila mahali akiokota mawe na kuyapanga dirishani. Mama yake akayavumilia, mimi nikayachukua yale mazito nikawa nakandamizia kitambaa ninapokata. Basi wiki ile Salma akaniomba, kwa Kiingereza chake (Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, akikasirika Kizulu): kati ya zile filamu iko moja ya mama mmoja wa miamba, na huyo mama mwenyewe siku hizi anafundisha chuo kikuu hapahapa, atakuja, kwa hiyo Baba, msikilize huyo mmoja tu, halafu uamue. Nikamwahidi. Nikamwambia, "Nitamsikiliza, kisha nitaamua, na nikiamua hakuna rufaa."

Siku yenyewe tumeshafika kituo cha basi, nimevaa koti langu la harusi, Salma ananiangalia usoni. "Baba, miwani?"

Miwani niliiacha juu ya cherehani. Kurudi ni mwendo mfupi tu, lakini basi lilikuwa limesimama kwenye robot, taa za barabarani, pale chini tunaliona, na mimi nikajifanya mjuzi: "Mwanangu, mtafsiri hasomi, mtafsiri anasikiliza." Tukapanda. Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo hivyo.

Filamu ya kwanza ilikuwa ya fundi wa madaraja ambaye wazee wake walitoka Meksiko, ya pili ya dada mweusi rubani ambaye bibi zake waliletwa kule kama watumwa, zote Kiingereza kilichonyooka, nikazitafsiri vizuri tu, na chumvi kidogo hapa na pale. Ukumbi ukachangamka. Mama Furaha, msusi wa kutoka Lubumbashi na kiongozi wa kwaya ya kanisa lao, alikaa safu ya mbele akipiga makofi na kusema, "Papa Salma, weye unajua kusema!" Kichwa kikavimba. Pembeni yake alikaa yule mgeni wetu, mama wa miamba, Dakta Lena, mtu wa Wanavajo, wenyeji wa asili wa Amerika, ametulia na shali yake, haelewi neno la Kiswahili lakini anatabasamu kila watu wakicheka.

Ikaja filamu yake. Anatokea bibi mzee sana amekaa mbele ya fremu ya kufumia mablanketi, anafungua kinywa, na kinachotoka si Kiingereza. Ni lugha ya kwao! Chini ya picha yanapita maandishi ya Kiingereza, membamba, meupe, kwangu mimi bila miwani ni mstari wa chokaa. Wazazi wote wamenigeukia. Mtu mwenye akili angesema jamani samahani, miwani nimesahau, Sis Thandeka nisaidie. Mimi nikakohoa, na yule kijana wa banda la video, ambaye nilidhani nilimwacha Tanga, akaishika maikrofoni.

"Bibi anasema," nikaanza, "mimi ni mjane." (Nyuma yake palikuwa na picha ya mwanamume ukutani.) Mama Furaha akasikitika, "Eee." Basi nikapata nguvu. Bibi akionyesha kondoo, nasema hawa ndio watoto wangu waliobaki. Bibi akionyesha barabara, nasema mjukuu wangu aliondoka kupitia njia ile wala hapigi simu. Bibi akishika kifua, nasema ugonjwa huu utaniondoa. Wazazi wanavuta pumzi, na kule nyuma kwa watoto nasikia vicheko, wanabanana vichwa, wanapigana mabega, nami nikafikiri wanafurahia ufundi wangu. Kumbe wenzangu wanasoma! Salma peke yake hacheki, amejifunika kofia ya sweta mpaka puani.

Halafu ikaja picha iliyonimaliza. Watu wamekusanyika nje ya nyumba, wamekaa chini, masufuria makubwa motoni, wanawake wanajipangusa macho, blanketi limekunjwa linabebwa kwa mikono miwili taratibu, na bibi haonekani. Sasa wewe mtu wa Tanga, niambie, hayo ni nini kama si matanga? Sauti ikanitoka nzito, yenyewe: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Bibi ametutoka." Na filamu ikaishia kwenye ile fremu ya kufumia, tupu, jua linazama.

Taa ziliwashwa ukumbi mzima ukiwa na machozi. Sis Thandeka akasema mgeni yuko tayari kwa maswali. Hakuna aliyeuliza swali. Mama Furaha alisimama, akaanzisha wimbo wa maombolezo, Wakongo wote wakaupokea kwa sauti nne, Warundi wakajiunga, baba mmoja wa Zanzibar akainua mikono ya dua. Dakta Lena naye akasimama, anatabasamu, anapiga makofi taratibu, anadhani ndiyo makaribisho yetu. Mama Furaha akamkumbatia, akamwegemeza kifuani.

"Mutoto yangu, pole sana. Kufiwa na bibi ni kitu nguvu. Mungu iko na weye."

Dakta Lena akanigeukia mimi. Nani mwingine? Mtafsiri si ndiye mimi! Akaniuliza kwa Kiingereza, "Mama anasema nini?"

Wazee walishasema njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi siku hiyo niliamua kuirefusha. Nikamjibu, "Anasema anakupongeza sana." Yeye akafurahi, akaweka mkono moyoni, akasema niwaambie asanteni, na kwamba leo jioni atampigia simu bibi yake amweleze jinsi mlivyompenda. Na wote wananisubiri mimi. Jasho linatiririka ndani ya koti la harusi. Nikafumba macho, nikasema kwa Kiswahili, "Anashukuru. Anasema leo jioni ataongea na bibi yake... kwa njia ya dua."

"Amina," ukumbi ukaitika.

Hapo watoto walishindwa. Kicheko kilipasuka kule nyuma mpaka kiti kimoja kikaanguka, wazazi wakageuka kwa hasira, watoto gani hawa wasio na adabu, wanacheka msibani! Na katikati ya kelele zile nikamwona Salma anashuka na kofia yake, moja kwa moja mpaka nilipo, akanyoosha mkono.

"Baba," akasema, "inatosha."

Kwa Kiswahili. Mbele za watu. Mtoto ambaye namwomba tangu ana miaka michache aniamkie shikamoo bila kumsukuma. Nikampa maikrofoni, sikuwa na ujanja.

"Bibi hajakufa," akawaambia. "Bibi ako sawa. Ile haikuwa matanga, ilikuwa sherehe, Dakta amemaliza chuo. Blanketi ni zawadi ya yeye. Baba yangu hana miwani. Samahani."

Sitaki kueleza sana kilichofuata. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama Furaha alibaki ameshika mabega ya Dakta Lena, mdomo wazi, kisha akanitazama: "Papa Salma! Unaua watu na mdomo?" Sis Thandeka akamweleza mgeni kwa Kiingereza yote niliyoyafanya, nami najitazama viatu, nikijua kwamba Kiswahili ukumbini pale nimeshakifukuza, hatatupa maikrofoni tena. Dakta Lena alisikiliza mpaka mwisho, uso mkavu. Halafu akakaa chini, akajifunika shali, mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua nimemliza mtoto wa watu. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akaomba maji, na alipoweza kusema aliomba kitu kimoja tu: ile filamu irudiwe, na yule binti aitafsiri.

Basi nikakaa safu ya mbele kama mzazi mwingine yeyote. Bibi akatokea tena na fremu yake, na Salma akawa anasoma yale maandishi, anasita, anatafuta neno, Kiswahili chake kinachechemea lakini kinakwenda.

"Bibi anasema, nilitaka huyu mtoto abaki na kondoo. Anasema, yeye alikuwa analeta mawe ndani ya nyumba. Mimi natupa, yeye analeta. Natupa, analeta." Watu wakacheka, mimi nikaacha kucheka. "Anasema, siku moja nilichoka kutupa. Nikamuuliza, hili ni jiwe gani? Akaniambia. Akaongea mpaka jua likazama." Salma hakuangalia skrini, aliniangalia mimi. "Anasema, mimi nikaona, kumbe sikuwahi kumuuliza."

Niliahidi kumsikiliza mama huyo wa miamba, ndiyo ahadi pekee niliyotoka nayo nyumbani, na katika ukumbi mzima mtu ambaye hakusikia hata neno moja la filamu yake ni mimi, kwa sababu nilikuwa naongea. Iliniuma, nisiwafiche. Machozi yalinitoka pale mbele, na Mama Furaha akanipa kitambaa chake (tayari kilikuwa kimelowa kwa msiba wangu).

Kwenye basi Salma alirudi kwenye Kiingereza chake kama vile hakuna kilichotokea. Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya kukatia, nikavaa miwani, nikanyanyua lile jiwe jeusi lenye mistari ya kumetameta ambalo limenikandamizia vitambaa vya watu mwaka mzima. "Salma," nikamwita. "Hili ni jiwe gani?"

Wali ulipoa mezani. Mama yake alituita, akachoka, akala. Nusu ya maneno sikuyaelewa na sikuyaunga.

Uhasibu nimeuacha, asome miamba yake. Sis Thandeka hakutufukuza, filamu zinaendelea kila mwezi, mtafsiri ni Salma na mimi napanga viti, na Mama Furaha akiniona mlangoni lazima aulize, "Papa Salma, leo hakuna maiti?" Dakta Lena alimpigia kweli bibi yake, akanipa salamu zake: anasema hana kinyongo, ila siku atakayokufa kwelikweli angependa mimi ndiye nitangaze, maana hajui kama kwao atapata watu wengi hivyo wa kumlilia.

Nami nimejiwekea nadhiri. Miwani nimeifunga uzi mweusi, inaning'inia shingoni kama ya mwalimu mstaafu, hata kuoga naitundika karibu. Na maikrofoni, ndugu zangu, hata harusini mkinipa niseme neno moja kwa maharusi, naipokea kwa heshima na kumpa aliye jirani yangu.