Kanuni ya Kutoka Nje

Fundi cherehani huyu, mwanamke wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano, hakuwa mtu wa kukaa. Hata chakula alikila kwa kusimama, sahani mkononi, jicho moja likiwa kwenye nguo iliyolala mezani. Mumewe, fundi wa friji, mpole asiyepandisha sauti hata akijigonga kidole kwa nyundo, alizoea kusema kwamba alioa mke akaongezewa na upepo. Kwa hiyo barua ya jiji ilipofika, kwamba ameteuliwa kuwa mjumbe wa kamati ya ushauri ya wananchi kuhusu barabara na mifereji, watu wa nyumbani walicheka. Kamati ni kukaa. Nani angemkalisha huyu?

Nafasi aliiomba mwenyewe. Mvua za mwaka uliotangulia, maji machafu yaliingia chumba chake cha kazi, yakapanda hadi kwenye kanyagio la cherehani na kuharibu vitambaa vya watu. Alipokwenda ofisi ya jiji kulalamika, alionyeshwa tangazo ukutani: wanatakiwa wananchi tisa, watakaa miaka mitatu, hawatalipwa, kazi yao ni kulishauri baraza. Alijaza fomu palepale, akiwa ameiegemeza kwenye ukuta.

Alidhani wataanza na mifereji. Kumbe kamati ilitakiwa kwanza ijitungie kanuni: nani anaitisha kikao, akidi ni watu wangapi, mjumbe akikosa mara ngapi bila taarifa anapoteza nafasi. Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, alipitia kipengele kwa kipengele kama anayesahihisha mtihani. Sindano alikuwa akikunja mguu huu, akikunja ule, akitazama saa, akijiuliza vifungo vya koti la mteja vitashonwa lini.

Kikao cha tatu ndipo alipopata la kusema. Mjumbe mwenzao mmoja, mkandarasi mwenye kicheko kikubwa, alikuwa ametetea kwa nguvu zote barabara ya machimbo itengenezwe kabla ya nyingine, na hakuna asiyejua kwamba kokoto za machimbo yale zilibebwa na malori yake. Sindano aliinua mkono. Akapendekeza kwamba mjumbe mwenye maslahi katika jambo, yeye mwenyewe au mtu wa familia yake, atamke wazi, kisha atoke nje ya chumba. Asijadili, asipige kura. Mwenyekiti akauliza kama haitoshi mtu akae ndani na kunyamaza.

"Haitoshi," alisema Sindano. "Amekukazia macho pale, utasema nini? Atoke."

Pendekezo likapita kwa kura sita dhidi ya mbili, likawa kanuni ya kumi na moja. Wakishuka ngazi, mkandarasi alimwambia bila kinyongo kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Sindano alimjibu kwamba vyombo vya kukata havimtishi, ameshinda navyo tangu usichana.

Miezi minane ikapita. Mkandarasi alitolewa nje mara mbili, kofia mkononi, na mara zote mbili Sindano alimtazama akitoka na kuona kamati inafanya kazi.

Kisha karani wa kamati akaleta ajenda mpya. Kulikuwa na mpango wa kuchimba mfereji upande wa kushoto wa barabara ya soko, na vibanda kumi na vitatu vya wauza vyombo viondolewe kuupisha. Sindano alisoma mara moja, akasoma tena, akaiweka karatasi chini ya kitambaa kama mtu anayeficha barua ya hospitali. Kibanda cha mwisho, kile cha karibu na kalavati, kilikuwa cha wifi yake.

Huyu wifi alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mjane, muuza ndoo na beseni, akiishi nao chumba cha nyuma. Ndiye aliyemlea mumewe walipofiwa na mama yao. Habari za mfereji alikwisha kuzisikia sokoni, na hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alikuwa amewaambia majirani zake wote wa vibandani watulie, wana mtu wao ndani. Jioni hiyo aliingia akiimba chinichini, akamtandikia Sindano kiti, jambo ambalo hajapata kulifanya.

Sindano hakusema kitu. Siku hiyo hakusema, ya pili hakusema. Alishona mkono wa kushoto mahali pa kulia, akafumua, akaushona vilevile tena. Aliinuka kufungua dirisha, akarudi kulifunga. Siku ya tatu alimweleza mumewe, naye alisema jina lake Sindano na la dada yake hayafanani, kwa hiyo angeweza kukaa kimya tu na kupiga kura yake kama wengine.

"Nimemtoa mwenzangu mara mbili," Sindano alimwambia. "Leo nikae mimi?"

Mumewe alikuna kidevu, akarudi kwenye friji yake.

Sindano alimkuta wifi uani adhuhuri, anafua. Alimweleza kwa kifupi, amesimama, mkono umeshika kamba ya nguo. Wifi alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukamua shuka.

"Kwa hiyo siku ninayokuhitaji ndani, ndiyo siku unayotoka nje."

"Ndiyo kanuni, wifi."

"Aliileta nani hiyo kanuni?"

Sindano alitazama maji yaliyokuwa yakichuruzika kwenye shuka. "Mimi."

Tangu saa ile wifi hakumwita wifi tena. Alimwita mheshimiwa. Mheshimiwa, chumvi imekwisha. Mheshimiwa, kuna mgeni mlangoni. Alilisema kwa adabu kamili, na ile adabu ndiyo iliyochoma.

Siku ya kikao walifika wajumbe sita tu kati ya tisa. Jambo la mfereji lilipotajwa, Sindano alisimama, akatamka kwamba mmoja wa wenye vibanda ni wifi yake na wanaishi nyumba moja, akachukua mkoba wake. Mwenyekiti akamsimamisha kidogo. Alitaka kujua kama anayetoka bado anahesabika kwenye akidi. Karani alifunua kitabu na kusoma: wanahesabika waliomo chumbani. Akidi ni watano, na watano ndio waliobaki.

Huko nje kulikuwa na benchi, naye hakulikalia hata kidogo. Alitembea hadi kwenye ngazi, akarudi. Kupitia mlangoni sauti zilifika, maneno hayakufika. Alitambua kikohozi cha mwenyekiti na kicheko cha mkandarasi, na kila kicheko kilimpiga kifuani, maana hakujua kinachekewa nini. Pazia la dirisha la ukumbi lilikuwa limefumuka pindo. Alichomoa sindano kwenye ukosi wa blauzi, akaanza kulishona akiwa amesimama, maana mikono ilihitaji pa kwenda.

Alikuwa katikati ya pindo mlango ulipofunguka. Alitoka mjumbe mwenzao, muuguzi wa zahanati, simu sikioni. Alipomaliza kuongea alimsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba wanamwita kazini, mwenzake wa zamu hajafika.

"Nikiondoka sasa, kikao kimekufa," alisema. "Jambo lenu linasogezwa mwezi mzima. Niende?"

Sindano alimtazama. Nenda: neno moja tu, na hakuna ambaye angejua. Mwezi mzima. Kwa mwezi mtu anaweza kufanya mengi. Uzi ulikuwa umemkaza kidoleni mpaka ncha imekuwa nyeupe.

"Mimi kwenye jambo hili sina ruhusa ya kusema," alijibu. "Amua mwenyewe, dada."

Muuguzi aliguna, akarudi ndani. Robo saa baadaye Sindano aliitwa, akaambiwa matokeo: kura tatu kwa mbili, kamati inalishauri baraza vibanda viondolewe. Baadaye alikuja kujua kwamba ya tatu ilikuwa ya muuguzi. Zahanati yake ilikuwa inapokea wagonjwa wa maji yale kila mvua.

Nyumbani palikuwa pagumu. Wifi hakugomba, afadhali angegomba. Wanawake wa vibandani waliokuwa wakimletea sketi za kupunguza walianza kupita mlangoni pake wakitazama mbele. Mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa. Usingizi wake ukawa wa vipande, na mchana alijikuta amesimama mlangoni hajui alitoka kufuata nini.

Ndipo alipokichukua tena kijitabu cha kanuni, akakisoma mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo pengine hakuna mjumbe mwingine aliyelifanya. Kanuni ya kumi na nne ilisema mkazi yeyote anayeguswa na ushauri wa kamati anaweza kuomba asikilizwe, mradi alete barua yake mwenyewe ndani ya siku kumi na nne. Waliipitisha siku ile aliyokuwa akiwaza vifungo vya koti. Siku tisa zilikwisha kwenda.

Alikwenda kwanza kwa karani kuuliza kama kumweleza wifi yake ni kosa. Karani, msichana makini asiyependa maneno mengi, alifikiri, akasema kanuni zimebandikwa ubaoni kwa ajili ya kila mtu. Kumwelekeza mtu ubaoni si kosa, ila kumwandikia barua itakuwa ni kumsemea. Sindano alirudi nyumbani akikaribia kukimbia.

"Wifi," alisema mlangoni, kabla hajavua viatu. "Kuna ubao pale ofisi ya jiji. Soma namba kumi na nne. Mwisho ni Alhamisi. Mimi siwezi kukuandikia."

Wifi alikuwa anapanga ndoo moja ndani ya nyingine. Hakugeuka.

Alhamisi ilikuja, ikapita. Sindano hakujua kama barua imekwenda, na kuuliza hakuweza, maana hata kuuliza kulikuwa na harufu ya kusukuma. Alipiga pasi suruali ileile mara tatu. Alimuuliza mumewe kama dada yake amesema lolote, naye akajibu kwamba dada yake amemwomba kamba ndefu, basi. Kamba ya nini? Hakuuliza. Sindano alikaribia kulia kwa jinsi mwanamume huyu alivyoweza kuishi bila kuuliza.

Kumbe wifi na wenzake walikuwa wakishinda wanapima barabara kwa ile kamba. Ajenda ya kikao kilichofuata ilipofika, mstari wa kwanza ulisema: kuwasikiliza wauza vyombo.

Siku hiyo Sindano alitamka maslahi yake kama kawaida, akatoka. Mlangoni walipishana. Wifi alikuwa amevaa gauni jipya, na kwa jicho moja Sindano aliona limeshonwa na fundi mwingine, bega la kulia limevutwa vibaya. Vidole vilimwasha. Wifi alimpita na karatasi yake, akaingia, mlango ukafungwa.

Alipewa dakika tano, akatumia ishirini. Sindano, nje, alisikia sauti ya wifi yake kama redio ya jirani: inapanda, inashuka, haisikiki maneno. Hakusikia kicheko. Alihesabu mara ambazo mwenyekiti alijaribu kuikata ile sauti, na mara ambazo alishindwa.

Wifi aliwaeleza kwamba upana wa barabara unatosha mfereji na vibanda kwa pamoja, kama mfereji utafunikwa kwa mabamba ya zege. Wamepima, vipimo hivi hapa. Mkandarasi ndiye aliyevichukua vile vipimo, akavikagua kwa kidole, akasema viko sawa. Mhandisi wa jiji akatumwa kuhakikisha. Kamati ikabadili ushauri wake na baraza likaukubali: vibanda vitoke majuma sita, mfereji uchimbwe na kufunikwa, kisha virudi, isipokuwa viwili vya mdomoni mwa kalavati, ambapo mabamba hayawezi kuwekwa kwa sababu lazima pabaki wazi pa kuzibulia taka.

Kimoja cha hivyo viwili kilikuwa cha wifi.

Wakamhamishia mwisho wa soko, nyuma ya wauza mkaa, ambako mnunuzi hafiki kwa kupita njia tu. Mwaka mzima ulikuwa wa tabu kabla watu hawajazoea kumfuata. Wale kumi na mmoja waliorudi walimshukuru sana, kisha wakasahau, kama ilivyo kwa watu. Yeye hakulalamika. Neno mheshimiwa lilififia lenyewe. Siku moja alimwita wifi kwa kusahau, na hakuna aliyeligusia. Sindano alitamani wazungumze, waseme yaliyosemwa na yasiyosemwa, lakini wifi hakuwa mtu wa kufumua mshono uliokwisha kushika. Lile lilibaki likimkera Sindano kama nywele ndani ya kola.

Muda wa kamati ulipokwisha, tangazo lilibandikwa upya. Sindano alikuwa na haki ya kuomba miaka mingine mitatu, na alitaka. Lakini jioni moja wifi alimjia chumba cha kazi akamuuliza, kana kwamba anauliza bei ya uzi, kama ni kweli kanuni hazikubali watu wawili wa nyumba moja kukaa kamati moja.

"Kweli," alisema Sindano. "Namba tano."

"Basi sijui," alisema wifi, akatazama sakafu. "Nilikuwa nimechukua fomu."

Sindano hakuomba. Wifi aliteuliwa.

Siku ya kikao chake cha kwanza ilikuwa Jumanne. Sindano alikata kitambaa, akaacha. Alitoka hadi barabarani, akarudi. Maji ya mvua ya asubuhi yalikuwa yakipita chini ya mabamba, yanasikika lakini hayaonekani. Wifi aliporudi, hakumpa hata nafasi ya kutua mkoba. Akamuuliza wamejadili nini, wameamua nini, mwenyekiti ni nani safari hii, je, mkandarasi bado yumo?

Wifi alijimiminia maji, akanywa taratibu, akaketi.

"Muhtasari wa kikao haujapitishwa," alisema. "Subiri."