Redio ya Kairo na Jeneza la Ami

Enzi zetu, wenzangu tuliokulia Unguja ya Mwingereza, redio ilikuwa mtu mzima: ikisema, mtoto unanyamaza. Baba alikuwa nayo moja ya betri, kubwa kama sanduku la nguo, na kila jioni baraza yetu ilijaa watu wanaosikiliza Redio Kairo, sauti ya Misri, ikimsema Mwingereza kwa Kiswahili safi. Loo, raha iliyoje! Kahawa ya tangawizi, kashata za karanga, na wazee wanapiga mapaja: "Mwambie huyo! Mwambie!" Waarabu wataungana, Waislamu watainuka, na sisi wa visiwani tutakuwemo.

Sisi watoto tulicheza vita vya Suez, Misri na Mwingereza, kwenye mtaro wa maji machafu. Hakuna aliyetaka kuwa Mwingereza, basi tukamtwisha Salum, mtoto wa ami yangu, ndugu yake baba, kwa kuwa baba yake alikuwa karani wa serikali na akivaa soksi ndefu. Maskini Salum, alipigwa makuti kila siku, kisha tunakaa naye sinia moja tunakula muhogo wa nazi. Mama akisema, "Piganeni mtakavyo, lakini kula mle pamoja."

Wakubwa ndio hawakula pamoja. Ami alisema kelele za Kairo hazileti uhuru, tudai taratibu. Baba akamwita kibaraka, na hapo undugu ukafa. Mnazikumbuka siasa zile: mtu hanunui kwenye duka la mtu wa chama kingine, haendi harusi yao, wala hawaziki. Na kwetu jeneza likipita, hata mpita njia huenda kulipokea begani. Ami alipofariki, jeneza lake lilipita mbele ya mlango wetu. Baba alikaa ndani, redio inasema. Nilichungulia dirishani nikamwona Salum anautazama mlango wetu, anangoja baba atoke. Astaghfirullah! Iliniuma, na inaniuma mpaka leo. Mwingereza akaondoka, baba akazeeka, na jina la nduguye hakulitaja tena.

Wajukuu zangu hapa Sydney, Australia, wakigombana hufutana kwenye simu, na kabla ya chai ya jioni wamesharudiana. Nawacheka, eti ugomvi gani huo! Lakini moyoni nawaonea wivu.

Wiki hii Salum, ambaye naye maisha yalimleta Sydney, amefariki kwa Covid, huko mtaa wa Seven Hills. Mimi niko mtaa wa Auburn, lockdown, hatutoki mtaani kwetu, polisi wamejaa barabarani. Nilimpigia mwanawe kumwomba nafasi mazikoni. "Sorry, Uncle," akasema huku analia, "wanaruhusu watu wachache tu, na tumeshatimia." Basi nimemzika kwenye simu ya mjukuu, picha inakatikakatika, nikaitikia amina peke yangu jikoni.

Watu husema zamani kulikuwa na upendo. Ulikuwepo, lakini tuliuchezea. Kutoka hapa hadi kwa Salum ni safari fupi ya treni, na sikuweza kwenda. Baba alikuwa na kizingiti tu cha kuvuka. Ningepewa mimi kizingiti kile, wallahi, ningekivuka bila viatu.