Damu Iko Sawa

Mke wangu aliuza omena, dagaa wakavu wa ziwani, katika soko la Manyatta. Gunia likija kutoka Usenge, hakuhangaika na omena wa juu. Alifungua kamba, akakunja mkono wa blauzi, akazamisha mkono mpaka kwapani na kutoa konzi ya wale wa chini kabisa. Hao ndio aliowanusa. Wa juu hukauka vizuri kwa kila mtu, alisema. Unyevu hukaa chini.

Nimeanza na gunia kwa sababu kila nikikumbuka ugonjwa wake, nafika hapo.

Alikuwa na ugonjwa wa bipola. Kuna majuma aliongea bila kupumua, akataka kununua mashua, akapikia majirani wote. Kisha alianguka, akawa hawezi hata kuchana nywele. Daktari wa akili mjini alimwanzishia vidonge vya lithiamu, na kweli vilisaidia. Zile kelele za maneno ziliisha. Akarudi sokoni, mikono ikitetemeka kidogo kwa sababu ya dawa, kiu nayo ikazidi, chupa ya maji haimwachi. Mara kwa mara alitolewa damu asubuhi, kabla hajameza kidonge, ili ijulikane dawa imefika kiasi gani. Mimi ndiye niliyempeleka, na mimi ndiye niliyeleta jibu nyumbani kwetu Nyamasaria kwa fahari, kama mtu aliyebeba nyama: damu iko sawa.

Yeye hakufurahi.

"Baba, hii dawa imefika upande mmoja," aliniambia siku moja, akichambua omena uani. "Kelele imetoka. Lakini kuna mahali huku ndani haijafika."

"Damu iko sawa, Mama. Daktari amesema."

"Damu! Kwani mimi naugua damu?" Akacheka kidogo. "Nyinyi mnashika tu omena ya juu. Si mtie mkono chini."

Dada yangu, aliyekuwa ametutembelea, akadakia: "Wifi, wewe hata dawa unataka kubishana nayo bei!"

Tukacheka, mimi na dada yangu. Mke wangu akaendelea kutoa vijiwe kwenye omena.

Alimwambia daktari pia. Daktari hakucheka. Alisema kipimo kinaonyesha dawa iliyo ndani ya damu, lakini ndani ya ubongo yeye hana njia ya kuchungulia. Kisha akamuuliza, "Mama, hapo unaposema haijafika, unasikia nini?"

Mke wangu alivuta pumzi. Naikumbuka hiyo pumzi. Lakini mimi ndiye niliyejibu.

"Anaendelea vizuri, Daktari. Analala, anakula, anauza."

Alinitazama, halafu akatazama mikono yake. Hakulitaja tena jambo hilo, si kliniki wala nyumbani. Nilidhani limeisha.

Alikufa wakati wa mvua za masika, kwa homa ya mapafu. Hakujiua, wala dawa haikumuua. Nasema wazi kwa sababu mazishini kuna walionong'ona.

Baada ya mazishi nilirudisha vidonge vilivyobaki. Daktari alinipa pole, tukakaa. Nikamwambia yale maneno ya upande mmoja bado yananisumbua. Akageuza kompyuta ili nione. Ilikuwa picha ya ubongo wa mtu aliye hai, iliyopigwa ng'ambo kwa mashine ya sumaku inayoweza kuona lithiamu yenyewe. Dawa ilionekana kwa rangi. Mahali pengine rangi ilikolea, pengine ilififia.

"Kwa hivyo alikuwa anasema ukweli," nilisema.

"Mzee, huu si ubongo wake. Yeye hakupigwa picha ya namna hii, na hapa kwetu hatuna mashine hiyo. Hata wenye nayo bado wanachunguza maana yake. Nikikuambia ndiyo, nitakuwa nimekudanganya."

Nilitaka anidanganye. Nilitaka nirudi nyumbani na ile picha, niseme alikuwa sahihi. Lakini nikiitazama nilijua pia kwamba sikuhitaji mashine. Aliyeugua alikuwa akilala kando yangu, na alikuwa ameshaniambia.

Daktari akauliza tena swali lake la zamani. "Lakini hapo ambapo haikufika, alikuambia palikuwa namna gani? Ni woga? Ni huzuni?"

Ningeweza kumweleza jinsi vidole vyake vilivyotetemeka akipima omena kwa gorogoro, lile kopo la sokoni. Ningeweza kumweleza kiu yake. Nilitafuta neno lake hata moja juu ya mahali hapo, nikakosa, kwa sababu alipofika kwenye mlango huo, nyumbani nilimjibu kwa damu, na kliniki nikajibu badala yake.

Daktari alikuwa mtu wa subira. Alingoja. Safari hii hakukuwa na mtu wa kunitangulia kujibu, nikamwambia, "Sijui, Daktari. Sikumwacha aseme."