Sufuria Nyeusi ya Mukamugema

Mtaa mzima wa Ndosho ulijua mambo mawili kuhusu Mukamugema: mkate wake na mdomo wake. Mkate ulitoka ndani ya sufuria nzito ya chuma, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Mdomo haukuhitaji makaa.

Katika mtaa ule bibi arusi hupimwa kwa masufuria. Asubuhi baada ya arusi huyasugua kwa majivu na mchanga wa volkano mpaka yang'ae, kisha huyapanga juu ya ukuta wa mawe, wapita njia wayaone. Mkaguzi mkuu alikuwa Mukamugema, ingawa hakuna aliyemteua. Akiona weusi kwenye sufuria ya mtu, kufika jioni kanisa zima lina habari.

Lakini ile ya mkate ilikuwa na sheria yake. Haikuwa imeonja sabuni tangu mama yake alipoteremka nayo kutoka Masisi. Iliogeshwa kwa maji moto tu, ikakaushwa motoni, ikapakwa mafuta ya ng'ombe kidogo, ikarudishwa kwenye makaa mpaka moshi uishe. Miaka ya mafuta na moto iliivika ngozi nyeusi, laini, na mkate ulitoka bila kung'ang'ania. Aliificha chumbani, asije mtu akaona kwamba mkaguzi naye ana cheusi chake.

Mwanawe Éphraïm akamwoa Umuhoza, msichana wa mtaa wa Murara, aliyekuja ameusiwa na mama yake kwamba mkwe huyu hapatani na weusi. Asubuhi ile Umuhoza hakubakiza kitu. Hata chumbani aliingia. Mukamugema alipotoka kuchota maji aliikuta sufuria yake ukutani, nyeupe pe, na majirani wamesimama wakisifu. Moyo ulimpasuka. Akasifu pia. Angefanya nini?

Mkate uliofuata ulikwama. Akaubandua vipande vipande, una ladha ya msumari. Akaanza upya kwa siri: mafuta, moto, moshi. Lakini alichopaka jioni, Umuhoza, aliyetiwa moyo na zile sifa, alikisugua alfajiri. Kutu nayo ikaingilia kati. Mdomo uliosema ya watu wote ukashindwa kusema la kwake.

Wateja wa mkate walipoanza kuhamia kwa Mama Bulonza, muuza mkate mwenzake, akamketisha Umuhoza jikoni, akamweleza yote.

"Mutoto wangu, hii usiisugue tena. Iache nyeusi. Ule weusi ndio unatulisha."

Umuhoza alilia kidogo, kwa aibu na kwa hasira pia, kisha akashika kitambaa cha mafuta. Walipaka pamoja mpaka ngozi ikarudi, na mkate nao ukarudi.

Sasa sufuria ilikaa jikoni, nyeusi, mbele ya macho ya watu. Haikuchukua muda, akina mama wa kanisa wakaanza kunong'ona kwamba bibi arusi wa kwa Mukamugema ni mvivu. Mukamugema akasimama katikati ya mkutano wao.

"Umuhoza hana kosa. Ni mimi nilimukataza kuisugua."

Mama Bulonza akamshika mkono, machozi yakimlengalenga.

"Mama, Mungu akubariki. Hatukujua uko na roho nzuri hivi, ya kumufichia mukamwana aibu."

Mukamugema akaapa. Akaeleza mafuta, akaeleza moshi. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kumsifu kwa huruma yake. Alirudi nyumbani na sifa ambayo hakuwahi kupewa maishani, na Umuhoza akabaki na jina la mvivu.