Mkarafuu Nambari Kumi na Saba

Kazi yangu ya kwanza yenye mshahara ilikuwa kuandika vitu ambavyo vingekatwa. Kulikuwa na mpango wa kujenga kituo cha kupoza umeme nje kidogo ya Wete, na kutoka hapo kupitisha njia ya umeme mkubwa kuelekea Kiuyu. Kabla ya nguzo ya kwanza kusimama ilitakiwa ripoti ya athari za mazingira. Ripoti ilihitaji mtaalamu, akaletwa bwana mmoja kutoka Dar es Salaam. Naye mtaalamu alihitaji mtu wa kumsaidia kuelewana na watu wa Pemba, nikapatikana mimi, msichana wa Wete mwenye shahada ya mazingira na mdomo usiojua kutulia.

Bwana yule alikuwa mtu mwema, nisimsingizie. Kilichonikera ni fomu zake. Alikuwa na fomu ya ndege, fomu ya popo, fomu ya visima, fomu ya makaburi, na ile kubwa kuliko zote, fomu ya watu na mali zao ndani ya mkuza, yaani ule ukanda wa ardhi unaoachwa wazi chini ya nyaya. Kila mti uliomo kwenye mkuza ulipewa nambari, ukaandikwa jina la mwenyewe, kisha mwenyewe akapigwa picha kando ya mti wake, kibao chenye nambari kifuani, kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani.

Mkutano wa wananchi tuliufanyia skuli. Mtaalamu alieleza kwa saa nzima, na watu walimsikiliza kwa adabu zote. Mwisho mzee mmoja akanyoosha mkono, akauliza kama hicho kituo cha kupoza kitapokea na samaki kutoka kisiwani Fundo, maana barafu imekuwa adimu. Mtaalamu hakucheka. Alisimama ubaoni akachora transfoma kubwa yenye nyaya kila upande. Mzee akashukuru, akakaa, akamnong'oneza mwenzake kwamba jokofu lenyewe halina hata mlango. Kwenye ripoti tukaandika kwamba wananchi wameuelewa mradi.

Siku chache baadaye mkuza ukatufikisha kijijini kwa bibi yangu, mama yake mama. Nilikuwa nimeshamwambia mtaalamu kwamba huyu tunayemwendea ni bibi yangu mwenyewe. Alifurahi. Akasema basi hapo tutamaliza haraka, twende zetu tukale.

Mti wenyewe ulikuwa mmoja tu, mkarafuu mrefu nyuma ya nyumba. Nimeujua tangu sijaota meno. Nikaupa nambari kumi na saba, nikajaza fomu bila hata kuuliza: mmiliki, jina la bibi, mali, mkarafuu mmoja, mzima. Bibi akatoka ndani na kanga mpya, akatukaribisha, akaniita "bibi afisa" mbele ya sheha, kiongozi wa kijiji aliyefuatana nasi, ili ajionyeshe, kisha akataka nimsomee nilichoandika. Nikamsomea.

"Umeandika nti wote wangu mie?" aliniuliza.

"Ndiyo, bibi. Kwani si wako?"

"Mjukuu wangu, weye wataka nende kaburini na haki za watu shingoni?"

Akageuka, akarudi ndani, na kibao cha nambari akaniachia mkononi. Mtaalamu akaniuliza amesema nini. Nikamwambia amesema mti ni wake lakini si wake. Na yeye, Mungu amlipe kwa subira yake, akaliandika hilo kwenye daftari lake neno kwa neno.

Nilikasirika. Nilikasirika zaidi kwa kuwa bibi alikuwa na haki, na mimi ni mtoto wa pale pale, nilipaswa kujua. Kwetu kipande cha ardhi ni kitu kimoja na mti uliomo juu yake ni kitu kingine. Shamba lile ni la familia moja ya Wete, watu wenye asili ya Oman, ambao babu yao alimruhusu baba yake bibi kupanda. Kwa hiyo mchanga ni wao, mti ni wetu. Tena maua ya msimu ule bibi alikuwa ameshamuuzia mchumaji mmoja yangali mtini. Na karafuu zinazodondoka zenyewe chini ni za jirani yake, mama mmoja mjane, kwa ahadi ya miaka mingi. Bibi akisimama peke yake kwenye picha ile angekuwa amedai vyote. Fomu, hata hivyo, ilikuwa na nafasi ya jina moja, na nafasi yenyewe fupi.

Tuliporudi asubuhi ya pili tulikuta bibi ameshaitisha mkutano wake. Mwenye shamba alikuwa amefika kutoka Wete kwa pikipiki, mzee mpole, kanzu imepigwa pasi mpaka mtu anaogopa kuipita karibu. Mchumaji alikuwepo. Jirani alikuwepo, na mbuzi wake. Sheha alikuwepo, maana bibi alishajua kwamba pasipo sheha mambo kama yale hayaishi, na penye sheha nayo hayaishi, lakini huwa kuna shahidi.

"Haya, tupigeni picha," bibi akasema.

Hapo ndipo kila mtu alipokwenda kusimama kwenye haki yake. Bibi alilikumbatia shina. Jirani alikaa kitako chini kabisa, kwa kuwa chake ni kilichodondoka. Mchumaji alisema yeye cha chini hana, haki yake iko juu, akavua viatu akapanda, na huko juu akatulia kwenye majani akitabasamu. Mzee wa Wete alikataa katakata kuugusa mti. Alisimama hatua moja pembeni, mikono nyuma, akamwambia mtaalamu, "Mimi mti sina, bwana. Nina mchanga tu. Hakikisha miguu yangu inaonekana."

Mtaalamu akaanza kurudi nyuma ili wote waingie. Akimpata aliye juu, miguu ya mzee inakatika. Akiipata miguu, anampoteza mchumaji, ambaye huko juu alikuwa akilalamika kwamba maji moto, wale sisimizi wekundu wa mitini, wanamuuma na kama picha haipigwi anashuka. Mtaalamu akarudi tena hatua moja, akarudi nyingine, akajikwaa kwenye tuta la muhogo akaanguka chali, simu juu. Tulipokuwa tunamkung'uta mchanga, mbuzi wa jirani akaila fomu ya popo. Aliila yote, na ile karatasi ngumu ya nyuma pia. Wiki mbili baadaye ilitubidi twende tukahesabu upya popo wote waliomo tumboni mwa mbuzi yule.

Picha ilipatikana mwishowe. Nikashusha pumzi, nikaanza kukusanya vibao vyangu.

"Bado mmoja," bibi akasema.

"Nani tena, bibi?" Nilimjibu kwa ukali usiofaa kumjibu mtu mzima.

"Baba."

Mtaalamu akauliza baba yuko wapi, tumsubiri au tumfuate. Bibi akanyoosha kidole, kupita mti, kupita msikiti mdogo ulio jirani, hadi makaburini.

Kisa chenyewe ni kwamba baba yake, mkarafuu ulipoanza kuzaa, alichagua tawi moja, lile linaloelekea msikitini, akaliweka wakfu. Kila kitakachochumwa kwenye tawi lile kinunue mafuta ya taa za msikiti. Baadaye taa za mafuta ziliondoka, ukaja umeme wa kununua, na tawi likaendelea na kazi yake kama kawaida. Karafuu zake zilichumwa kando na nyingine, zikaanikwa kwenye jamvi lake peke yake, na thamani yake ikaingia kwenye mita ya msikiti. Hata mchumaji aliponunua maua, tawi lile halikuwemo. Hivyo tulikuwa tumekuja na mradi wa umeme kukata tawi linalonunua umeme. Mtaalamu aliposikia hivyo aliangua kicheko, na mimi nikacheka naye, tukashikana mabega.

Bibi hakucheka. Alisubiri tumalize.

"Kila taa ikiwaka mle ndani," alisema, "baba hupata thawabu zake. Ndicho kitu pekee alichonacho sasa. Mkikata, nani atampelekea?"

Nilihisi aibu mpaka masikioni. Niliinama nikajifanya natafuta kalamu niliyokuwa nimeishika.

Adhuhuri ile, ofisini Wete, niliongeza mstari kwenye jedwali la walioathirika na mradi. Nikaandika: baba yake mmiliki wa mti. Hali yake: marehemu. Anachopoteza: thawabu. Muda wa athari: hadi Siku ya Kiyama. Mtaalamu aliusoma mara mbili. Akasema kwa upole kwamba jedwali linakubali athari za muda mfupi, za muda wa kati na za muda mrefu, na kwamba huo wangu haumo.

"Basi weka muda mrefu," nikamwambia.

"Marehemu hawezi kuwa mtu aliyeathirika."

"Kwenye fomu ya makaburi umewaandika marehemu thelathini na kitu."

"Pale tumeandika makaburi."

"Yaani mifupa ina nafasi kwenye ripoti yako, na mwenye mifupa hana?"

Nilikuwa nimepaza sauti, na mimi ndiye mdogo, na mshahara wangu wa kwanza sijaupokea. Mtaalamu akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. Kisha akaivaa, akaandika pembeni ya mstari wangu: wahandisi waje waangalie. Mstari wenyewe hakuufuta. Nilimpenda yule bwana kuanzia siku ile, na fomu zake nikazisamehe kidogo.

Wahandisi walikuja wawili na vyombo vyao vya kupimia. Walihangaika pale tangu asubuhi mpaka jua la utosi, wakakubali njia isogee upande wa muhogo. Shina litabaki. Matawi nayo yatabaki. Bibi alikuwa ameshaanza kuwaombea dua wao na vizazi vyao pale mmoja wao aliposafisha koo, akasema kuna tawi moja tu ambalo bado litakaribia mno nyaya, na hilo halina njia ila likatwe. Akalionyesha kwa kalamu. Lilikuwa lile la msikitini.

Mchumaji akacheka peke yake, kisha akajiziba mdomo.

Bibi hakubishana. Aliuzunguka mti polepole, mkono ukipapasa gome, akarudi alipoanzia. Akaagiza aitwe imamu. Imamu alipofika akaulizwa: kitu cha wakfu kikiondolewa kwa nguvu si kwa hiari, chaweza kubadilishwa? Imamu akafikiri, akajibu kwamba kinaweza, kwa kilicho sawa nacho au bora kuliko hicho.

Ndipo tukaanza kutafuta tawi lililo sawa. Sijapata kuona upuuzi wa heshima kama ule. Mchumaji alipanda tena na utepe wa kupimia, mtaalamu akawa anataja, mimi naandika. La mashariki lilikuwa nene lakini fupi. Sheha alilipendekeza la nyuma, jirani akasema la nyuma huzaa mwaka mmoja likapumzika miwili, yeye ndiye anayejua kwa vinavyomwangukia. Mzee wa Wete alisema yeye si mtu wa kutoa rai juu ya mti, kisha akatoa rai ndefu. Imamu alikuwa anataka shubiri, wahandisi wanataka mita, na katikati ya mabishano hayo bibi alikaa kwenye kizingiti cha nyuma ya nyumba, mikono mapajani, akituangalia.

"Wote," alisema.

Nilidhani anatufukuza.

"Nti wote wakfu. Maua ya msimu huno ya mwenyewe aliyenunua, na vinavyodondoka vya jirani kama zamani. Kuanzia mwakani, vyote vya juu msikitini, kwa jina la baba. Mashahidi nyie."

Mkarafuu ule ndio uliokuwa ukimnunulia bibi mchele, dawa zake za presha na sare za wajukuu, za kwangu zikiwemo. Sikuweza kujizuia.

"Na wewe je, bibi?"

"Mie nala muhogo," alisema. "Si mmeusogelea wenyewe? Msiukateni wote."

Imamu akasoma dua, tukaitikia amina, wahandisi nao wakaitikia. Mtaalamu alikuwa amempa kila mtu mgongo na kuangalia popo ambao hawakuwepo. Alipogeuka, alikuwa ameshaitoa fomu yetu kwenye jalada. Akaniambia kwamba fomu ya kwanza hairuhusiwi kuchanwa. Inasahihishwa palepale, jina la zamani linapigwa mstari, jipya linaandikwa juu yake, na mwenye jina la zamani anatia sahihi kando.

Hatukuwa na meza. Bibi akainuka kwenye kizingiti, akaichukua karatasi, akaibana kwenye shina la mkarafuu kwa viganja vyake viwili ili niandikie vizuri. Nikaandika: msikiti. Kisha nikaweka kalamu mwanzoni mwa jina la bibi yangu, nikalipiga mstari. Ulipinda kwa kufuata mikunjo ya gome.

Bibi akasogeza uso karibu, akaangalia kwa makini, akaniambia nirudie, jina lake bado lilikuwa linasomeka.