Nilimwonea wivu rafiki yangu hadi nikamwacha aende kupiga filamu ng'ambo bila kibali cha kazi

Wakuu, amahoro.

Niko Rumonge, huku kwenye Ziwa Tanganyika. Ninayoyaandika ni ya kweli tupu, na mengi yananiaibisha mimi mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Mimi ni mpiga video. Harusi, ubatizo, maulidi, kote huko naitwa. Nilikulia ukimbizini upande wa Kigoma, tukarudi Burundi nikiwa kijana mkubwa.

Nina rafiki yangu, tumwite Saidi. Mzaliwa wa hapa hapa mjini. Kamera nilimfundisha mimi. Alipokuja kwangu alikuwa hajui hata kufuta kioo cha lensi, alikuwa anafuta kwa shati.

Sasa mwaka huu akaja madamu mmoja kutoka Bujumbura, mtengenezaji wa filamu. Anataka kumfuata mama mmoja wa Kizuka, hapa jirani, mkamuaji wa mawese, aliyerudi kutoka Tanzania akamwacha dada yake Kigoma. Filamu inamfuata mpaka anapokutana na dada.

Madamu akaangalia video zangu, akaangalia na za Saidi.

Akamchukua Saidi.

Wakuu, roho iliniuma. Hiyo ni hadithi ya wakimbizi! Mimi ndiye niliyepanga foleni ya unga kambini. Saidi hajawahi kuvuka mpaka hata siku moja. Nilitabasamu, nikampongeza, nikaenda nyumbani nikashindwa kula. Mke wangu akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ni malaria.

Kuanzia hapo kila kitu chake kilinikera. Kile kikoti chenye mifuko mingi. Simu anazopigiwa kutoka Bujumbura, anasema "oui madame" kwa sauti ya juu ili mtaa usikie. Labda hata hakuwa anapaza sauti, ila mimi ndivyo nilivyosikia.

Mbali na kamera, madamu alimpa Saidi kazi ya kushughulikia makaratasi ya safari. Ndipo akaja kwangu, mchana, nikiwa na-edit harusi.

Akasema: "Kaka, weye ulikomelea kule tangu mutoto, unajua mambo ya Tanzania. Pale ku mupaka, wakiuliza tunaenda kufanya nini, tuseme nini?"

Hapa naomba mnielewe vizuri.

Watu wa pwani hii tunavuka kila wakati. Harusi, msiba, mtoto kazaliwa. Ukiulizwa, unasema unaenda kutembelea ndugu, na si uongo, kila mtu ana ndugu kule. Visa hatulipi, sisi ni majirani. Kwa hiyo watu wengi huku wanaamini ukisharuhusiwa kuingia, basi umeruhusiwa kila kitu.

Mimi nilijua si hivyo. Zamani kule Kigoma niliwahi kuwabebea tripod wageni waliokuja kupiga filamu. Walikaa hotelini siku nyingi wakisubiri kibali cha filamu na kibali cha kazi ya muda mfupi. Kamera hawakuitoa hata kwenye begi. Kuingia nchi ya watu ni jambo moja, kufanya kazi humo ni jambo lingine.

Nilikuwa nalo jibu mdomoni. Dakika moja tu ingetosha.

Nikamwambia: "Museme munaenda kutembea ku familia. Iko sawa, wote wanafanya hivyo."

Akanishukuru. "Murakoze kaka, ningefanya nini bila weye."

Nikarudi kwenye harusi yangu.

Walivuka vizuri. Siku ya pili wakaenda sokoni, mahali yule dada anapouzia dagaa, wakatoa kamera kubwa na maiki yenye manyoya. Maofisa wakaja, kwa adabu tu, wakaomba vibali. Fomu zinasema kutembelea ndugu, na mikononi wana vifaa vya kazi. Wakahojiwa siku mbili, wakarudishwa wote, pamoja na yule mama. Dada yake alimwona kwa mbali tu, upande wa pili wa meza za dagaa.

Habari zikanifikia.

Nilifurahi. Nisiwafiche, nilifurahi kabisa, nikaagiza samaki wa mukeke wa kuchoma nikala peke yangu. Hiyo ndiyo roho ya korosho wanayoisema, ninayo.

Wiki iliyofuata madamu akanipigia. Anataka mtu anayeijua Kigoma. Nikakubali hata kabla hajamaliza sentensi. Maombi ya vibali tuliandika mimi na yeye, majina, vifaa, siku, mahali. Kazi ya kusubiri tu, hakuna ugumu wowote. Vimetoka.

Juzi tukakutana watatu, Saidi anikabidhi vifaa. Madamu bado ana hasira, akamuuliza mbele yangu: "Lakini nani alikuambia museme vile?"

Saidi akaniangalia. Si kwa muda mrefu.

"Ni miye mwenyewe, madamu. Nilizoea tu vile tunavukaga."

Kisha akanionyesha betri inayoisha haraka, akaniambia niitumie ya mwisho. Akanipa na kile kikoti, akasema kule sokoni mifuko itanisaidia.

Nilipokea.

Funzo kwa wapiga picha wenzangu: hata kama ni nchi jirani, hata kama mna lugha moja na shangazi yako anaishi pale, uliza kibali cha kazi kabla ya kufunga begi. Kutembelea ndugu hakuruhusu kamera ya filamu.

Hilo la vibali ndilo rahisi. Tunaondoka Alhamisi na madamu hajui. Nikisema, naipoteza kazi, na huenda yule mama akasubiri tena. Nikinyamaza, naenda kumpiga picha akimkumbatia dada yake, na watu watasema nina kipaji.

Mnanishauri nini wakuu? Nitukaneni mkitaka, nasoma zote.

Ila msiniambie Saidi ameshanisamehe. Hilo nalijua, na mpaka leo namwonea wivu kwa moyo alionao.