Futi na Udongo wa Kijivu

Mtaani walimwita Futi, na si kwa sababu ya kimo, ingawa kimo nacho hakikuwa cha kujisifia. Kila kitu alikipima kwa futi: kisima, kaburi, hata umbali wa kwenda kwa mkwe wake. Miaka thelathini na minane alikuwa mchimba visima, na hakuwahi kuitwa arudi kurekebisha. Ukitaka ugomvi naye, mwambie tu kuna mtu anachimba kama yeye.

Basi kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilipojengwa nyuma ya mtaa, na maji ya visima vifupi yakaanza kuwa na ladha ya msumari, watu walimkimbilia yeye. Futi akatamba. Akasema uchafu hukaa juu, maji mazuri yako chini, nyie niachieni mimi. Kwenye futi arobaini na mbili akakutana na udongo wa kijivu, mgumu, wa aina ambayo hakuwahi kuivuka. Akaupiga mtaimbo siku tatu mpaka viganja vikatoka damu, akautoboa, na maji yakapanda, baridi, safi kwa macho. Nyumba kumi na moja zikanywa. Siku zile alitembea kifua mbele, na kila aliyekaa kwa kinyozi alisimuliwa habari za ule udongo, atake asitake.

Miaka miwili baadaye wauguzi walikuja kupima damu za watoto. Risasi. Si ya bunduki, ni madini yale ya kwenye betri, yanayoingia mwilini kimyakimya na kumfanya mtoto awe mzito wa kushika masomo. Binti wa mshonaji wa nyumba ya pili, mwenye miaka sita, alikutwa nayo nyingi kuliko wote. Kiwanda kikaruka futi mia: taka zetu tunazihifadhi vizuri, ardhi ni safi, tafuteni kwingine. Ukaitishwa mkutano wa wakaguzi wa mazingira, na mtaa ukamchagua Futi awe msemaji wake. Nani aliijua ardhi ile kumshinda yeye?

Siku mbili kabla ya mkutano, meneja wa kiwanda akabisha hodi kwa Futi. Akakaa kwenye kochi, akakataa chai, akatoa karatasi ya vipimo vya udongo, vya kiwanda chenyewe. Kwa sauti ya mtu anayekuonea huruma, akaeleza kwamba ule udongo wa kijivu ndio uliokuwa kizuizi, na kwamba Futi, kwa mtaimbo wake, ndiye aliyeufungulia uchafu njia ya kwenda chini.

"Ukisimama pale, tutalisema hili," alimwambia. "Ukikaa kimya, nasi tutakaa kimya. Jina lako litabaki lilivyo."

Karatasi akaiacha mezani, eti mzee aitafakari.

Futi aliumia, jamani. Aliumia kwa sababu ilikuwa kweli, na aliijua kuwa kweli hata kabla meneja hajamaliza. Wale watoto aliwanywesha yeye. Mkewe alimkuta hajagusa chakula, na wala hakumbembeleza. Alimuuliza tu kama atakubali kuzibwa mdomo ndani ya nyumba yake na mtu aliyekataa chai yake.

Futi akavaa miwani, akaivuta karatasi. Maneno makubwa makubwa aliyaruka. Vipimo vya kina ndiyo lugha yake. Futi kumi, risasi. Futi ishirini, risasi. Futi thelathini, zaidi. Akaangalia tarehe: mwaka mmoja kabla hajachimba. Akasoma tena. Kisha akacheka, kicheko kibaya, mpaka mkewe akaogopa.

Mkutanoni ukumbi ulijaa hadi madirishani. Futi hakusubiri kutajwa.

"Ule udongo niliutoboa mimi," alisema. "Kwa mkono huu. Sikujua kuwa ulikuwa unatukinga, na kutojua kwangu kumewaumiza watoto wenu. Jina langu lichukueni, mkalitupe mnapotaka. Lakini hawa mabwana wanasema niliifungulia sumu mlango. Miaka yote wameapa hapakuwa na sumu. Sasa niliifungulia nini?"

Akampa mkaguzi mkuu karatasi. Meneja akainuka kudai kwamba ni mali ya kiwanda, na kwa kudai hivyo akawa ameikiri mbele ya ukumbi mzima. Mkavu wa macho yule, ila siku hiyo hakujua auweke wapi uso. Jioni tanuri zilikuwa zimefungwa kwa amri ya wakaguzi.

Mnadhani Futi alibebwa juu juu? Thubutu! Watu walimpita kama nguzo ya umeme. Wateja wawili walivunja miadi, na kinyozi alimnyoa bila neno. Hakulalamika. Alisema wana haki.

Ilibaki kazi moja: kushuka kwenye kisima kile, kuyatoa maji na kuziba lile tobo, kabla sumu haijazidi kuteremka. Mtu hashuki bila mwenzake wa kushika kamba juu, na vibarua wake wote walipata udhuru. Asubuhi akasimama pale peke yake, akitafuta mti wa kuifunga kamba, liwalo na liwe.

Mshonaji wa nyumba ya pili akatoka kwake, sindano bado zimechomekwa kifuani. Akaichukua kamba, akaizungusha kiunoni mara mbili, akakita miguu chini.

"Sijakusamehe," alisema. "Shuka."